Nakshi Iliyochongwa Ukutani

Msafiri anayefika kwenye mahekalu ya Angkor nchini Kambodia na shanta mgongoni kwa kawaida huwahi Angkor Wat alfajiri, kisha Ta Prohm, penye mizizi iliyokumbatia kuta. Afanye hivyo, panastahili. Lakini anayetaka kujua mafundi wa Khmer walivyofanya kazi aanzie Ta Keo, hekalu ambalo wengi hulipita kwa kuwa karibu halina mapambo.

Ta Keo lilijengwa kuelekea mwaka 1000, likaachwa kabla ya kumalizika. Minara yake mitano imesimama juu ya ngazi kali, mizito na mitupu. Zunguka upande wa mashariki, chini kwenye msingi. Hapo nakshi imeanza: safu ya maua imechimbwa ikakolea, mbele kidogo imebaki michoro hafifu, kisha jiwe kavu. Ndipo unapoelewa kwamba mawe yalipangwa kwanza, na nakshi ikachongwa baadaye, papo hapo ukutani.

Mlinganishe mchongaji huyo na fundi wa milango ya nakshi, ambaye huulaza ubao mbele yake karakanani. Ukipasuka, atatafuta mwingine. Mchongaji wa Angkor alilikabili jiwe ambalo tayari limebeba mengine juu yake. Tindo ikiteleza, jiwe halibadilishwi.

Na uashi wenyewe! Katikati ya mawe hamna chokaa. Jiwe la mchanga lilichimbwa miguuni mwa mlima Kulen. Vile vitundu vya mviringo vinavyoonekana kila mahali huaminika vilitiwa vijiti vya kufungia kamba, ili jiwe linyanyuliwe. Kisha jiwe lilisuguliwa juu ya mwenzake mpaka nyuso zikashikana. Katika hekalu la Bayon wachongaji wamewaonyesha wenzao wakiifanya kazi hiyo. Kuna mahali ukipitisha ukucha kwenye kiungo, hauzami.

Walikuwa na upungufu wao, na si haki kuuficha. Tao la kweli hawakulijenga: walisogeza kila jiwe mbele kidogo ya lililo chini yake hadi pande mbili zikutane juu, ndiyo maana kumbi zao ni nyembamba. Viungo vya wima navyo mara nyingi vimefuatana juu kwa chini, na nyufa zikapata njia.

Baada ya Ta Keo, panda bajaji uende Banteay Srei, zaidi ya kilomita 30 kutoka mjini Siem Reap. Hekalu hili liliwekwa wakfu mwaka 967. Aliyelijenga hakuwa mfalme, bali Yajnavaraha, mshauri wa mfalme. Ni dogo, la jiwe lenye wekundu, laini kwa tindo, na sidhani kama kuna mahali pengine Angkor ambapo mkono wa fundi umefika mbali hivi. Tazama pembetatu iliyo juu, upande wa mashariki wa jengo la kusini linaloitwa maktaba. Jitu Ravana mwenye vichwa vingi anautikisa mlima Kailasa, makao ya mungu Shiva. Chini kabisa wanyama wametaharuki, juu yao viumbe wenye vichwa vya wanyama, kisha watawa wenye ndevu, na kileleni Shiva ametulia huku mkewe Uma, kwa hofu, akimng'ang'ania. Kila safu ina kina chake, na majani ya pembeni yamechimbwa nyuma mpaka yanakaribia kuachana na ukuta.

Nenda asubuhi. Jua likikaa utosini vivuli hutoweka, na kina hicho chote huonekana bapa.