Kilichofichwa na Mto

Mwaka 2011 madaktari wanaofanya kazi na NASA walichapisha habari za macho ya wanaanga 7 waliorudi kutoka safari za takriban miezi 6. Kwa baadhi yao neva ya jicho ilikuwa imevimba pale inapoungana na retina, na jicho limebonyea kwa nyuma kiasi cha kuhitaji miwani kwa maandishi ya karibu.

Kuchunguza jambo hili duniani kulihitaji kitanda. Njia iliyotoka kwa watafiti wa Kisovieti humlaza mtu kichwa kikiwa chini ya miguu kwa nyuzi 6, ili damu na ugiligili vielekee kichwani. Miaka mingi watu walilazwa hivyo, na uvimbe ule wa neva haukuonekana.

Mwaka 2017, mjini Köln, shirika la anga la Ujerumani na NASA waliondoa mto uliokuwa ukiwekwa chini ya kichwa. Watu 11 walikaa siku 30 bila kuinua kichwa. Kula, kuoga, kujisaidia, yote wakiwa wamelala, bega moja likigusa godoro muda wote. Kaboni dioksidi chumbani ilipandishwa hadi asilimia 0.5, kuiga hewa ya chombo cha anga. Watu 5 wakavimba neva.

Ilikuwa rahisi kuilaumu hewa. Lakini jaribio la siku 60 la mwaka 2019, palepale Köln, bila gesi ya ziada, lilileta uvimbe uleule, hata kwa waliozungushwa kwenye mashine dakika 30 kila siku ili wapate uzito wa bandia. Kwangu hilo ndilo somo kubwa la kazi hii. Duniani kila tunaposimama shinikizo kichwani hushuka. Angani hakuna kusimama. Kinachoumiza jicho yaelekea si ukubwa wa shinikizo bali kukosa kwake mapumziko, na mto mdogo ulitosha kuyarudisha.

Sasa, mbona 5 na si wote 11? Hapa ndipo lishe inapoingia. Mwaka 2012 Sara Zwart na Scott Smith wa NASA walionyesha kuwa wanaanga walioharibika macho walikuwa na homosisteini nyingi zaidi katika damu hata kabla ya kuruka. Mwili huishughulikia homosisteini kwa msaada wa folati na vitamini B2, B6 na B12, na wapo waliorithi vimeng'enya vinavyoifanya kazi hiyo kwa uzembe. Huko Köln pia, jeni za vimeng'enya hivyo na hali ya vitamini B viliendana na kiwango cha uvimbe.

Kuendana si kusababisha, na watu 11 ni wachache mno. Hata hivyo dhana hii inapimika kwa bei ndogo: NASA imeanza kujaribu vidonge vya vitamini B kwa wanaanga. Matokeo yakisomwa kwa wastani wa kundi zima, yatapotosha. Kidonge kinachomfaa mwenye jeni zile huenda kisimfanyie lolote mwenzake, hivyo kila jicho lisomwe pamoja na jeni za mwenye nalo.