Maabara Huanzia Chini ya Sakafu

Mwulize mwashi ukarabati wa darasa huanzia wapi, atanyoosha kidole juu: vua bati, toa mbao zilizoliwa na mchwa, paua upya, piga lipu, kisha teremka na rangi mpaka chini. Mwulize fundi bomba ukarabati wa maabara huanzia wapi, naye ataomba sururu avunje sakafu. Wote wawili wanasema kweli, ila kila mmoja anazungumzia jengo lake. Shida zetu nyingi zimezaliwa pale kazi ya fundi wa pili ilipokabidhiwa kwa wa kwanza.

Tanzania ina uzoefu wa kutosha wa jambo hili. Mwaka 2012 Rais Jakaya Kikwete aliagiza kila sekondari ya kata iwe na maabara tatu: fizikia, kemia na baiolojia. Muda ulipangwa kwisha Novemba 2014, ukasogezwa hadi Juni 2015. Wananchi walichanga, tofali zikafyatuliwa, maboma yakasimama nchi nzima. Baadaye ikaja zamu ya shule kongwe. Kupitia Mamlaka ya Elimu Tanzania na fedha za mpango wa Lipa Kulingana na Matokeo, shule kama Pugu, Ilboru, Mzumbe na Tabora Wavulana zikaanza kukarabatiwa. Sasa, baada ya Sera ya Elimu toleo la 2023 kuleta mkondo wa amali, shule inatakiwa kuwa na mahali pa kuchomelea, kukereza na kutumia kompyuta, mbali na mahali pa kupimia tindikali. Majengo mengi tuliyo nayo yalijengwa kwa ajili ya chaki na ubao. Basi tuangalie kwa karibu yanageuzwaje, na yanaharibikia wapi.

Ukuta wa katikati

Njia ya kawaida ya kupata maabara kwenye safu ya madarasa ni kuondoa ukuta unaotenganisha vyumba viwili. Mafundi huona kazi hiyo nyepesi, kwa sababu kenchi za paa kwa kawaida hulala kutoka ukuta wa mbele hadi wa nyuma. Ukuta wa katikati haubebi paa, kwa hiyo ukitolewa hakuna kinachoanguka.

Kisichoonekana ni kwamba ukuta huo ulikuwa unazishika kuta ndefu zisiyumbe. Vyumba viwili vya mita 9 vikiunganishwa, unabaki na ukuta wa mita 18 uliosimama kama kitabu kilichowekwa wima bila kingine cha kukiegemeza. Upepo mkali unaweza kuutikisa, na tetemeko litafanya zaidi ya hapo. Septemba 10, 2016, tetemeko la kipimo cha 5.9 liliitikisa Kagera, na majengo ya sekondari za Ihungo na Nyakato yakaharibika vibaya kiasi cha kusimamisha masomo. Majengo ya zamani mara nyingi hayana lenta inayozunguka jengo zima na kulifunga kama mshipi.

Kwa hiyo kabla nyundo haijapigwa, nguzo mbili za zege na nondo husimikwa pale ukuta unapokutana na kuta ndefu, na boriti huunganisha vichwa vyake. Ukibakiza pande mbili za ukuta, kila upande kama mita moja, na kutoa sehemu ya kati tu, utaongeza nguvu kwa gharama ndogo. Vipande hivyo pia hupata kazi nyingine: hapo hukaa kabati za vifaa.

Maji, na kinachofuata maji

Niliwahi kuingia kwenye maabara moja iliyokuwa imekarabatiwa karibuni. Sitaitaja shule. Vigae vilikuwa vinang'aa, meza zina sinki, kila sinki ina koki yenye shingo ya bata. Nikafungua ya kwanza, maji yakaja. Mwalimu akaniomba nifungue na za meza nyingine. Nilipofika ya saba, ya kwanza ilikuwa inadondosha tone moja moja.

Hesabu yake ni nyepesi. Mita 10 za maji yaliyosimama hutoa mgandamizo wa takribani bar 1. Simtanki lililowekwa juu ya mnara wa mita 3, likilisha koki iliyo karibu mita 1 juu ya sakafu, linabaki na mita 2 tu za kusukuma, yaani bar 0.2. Mgandamizo mdogo namna hiyo ukipitishwa kwenye bomba la nusu inchi lenye kona kumi, msuguano unaumaliza njiani. Dawa si lazima iwe pampu. Bomba kuu la inchi moja na nusu liende moja kwa moja hadi katikati ya chumba, lipunguzwe linapofika mezani, na mnara upandishwe mita mbili au tatu. Bomba nene huongeza gharama mara moja, lakini haliombi umeme kila mwezi.

Maji yakishaingia lazima yatoke, na hapa ndipo sururu inapohitajika. Sinki za maabara humwagiwa tindikali, alkali na chumvi za metali. Bomba la chuma litaliwa. Bomba la plastiki litavumilia, ila likiunganishwa na karo la vyoo litapeleka sumu kwa vijidudu vinavyoozesha uchafu humo. Vikifa, karo hujaa haraka na kunuka, na lawama huwaangukia wanafunzi wa bweni. Maabara inataka njia yake, chemba yake na shimo lake la kuzimulia. Shimo hilo hujazwa vipande vya mawe ya chokaa. Tindikali ikipita juu yake humenyuka, hupoteza ukali na kutoa hewa ya kaboni dioksidi. Pwani, kuanzia Tanga hadi Mtwara, mawe hayo ni yale ya matumbawe tunayojengea nyumba. Kinachohitajika ni mfuniko unaofunguka, na mtu wa kubadilisha mawe yakishalika.

Kemia hiyohiyo hutuumiza juu ya meza. Mafundi wengi hupenda kumalizia meza kwa terazo kwa sababu ni ngumu na hupendeza ikisuguliwa. Terazo ni saruji na vipande vya marumaru, na marumaru ni ndugu wa mawe ya chokaa. Tone la tindikali ya haidrokloriki likiangukia hapo hutoa povu dogo, na likifutwa huacha kidonda cheupe. Baada ya mihula michache meza inakuwa na ndui. Vigae vya kauri huvumilia, lakini saruji ya katikati yake huliwa, vikaanza kung'oka. Mbao ngumu zilizopakwa nta au vanishi imara hudumu kuliko wengi wanavyodhani. Maabara za shule Uingereza kwa miongo mingi zilitumia meza za mvule, mbao iliyosafirishwa kutoka Afrika. Sisi tulio na mvule kijijini tukaipeleka kwenye milango ya mbele, meza tukazipa terazo.

Gesi hushuka

Gesi ya mitungi tunayopikia ni mchanganyiko wa propani na butani. Propani ni nzito kuliko hewa mara moja na nusu, butani karibu mara mbili. Ikivuja haipandi. Inatambaa sakafuni kama maji yasiyoonekana, inatafuta bonde, na kwenye maabara bonde ni mfereji wa maji machafu. Hata hivyo, ukitazama maabara nyingi, matundu ya hewa yako juu karibu na dari, sawa na darasani. Hayo hutoa joto na moshi, na yanatakiwa yabaki. Lakini lazima yawepo mengine usawa wa sakafu, yaliyozibwa kwa wavu wa panya, na yanayotazama mahali pasipo na chemba.

Mitungi hukaa nje, kwenye kizimba chenye kufuli na kivuli. Bomba la shaba hupita juu ya ukuta likionekana, lisizikwe ndani ya lipu, ili kila kiungo kikaguliwe kwa povu la sabuni. Valvu kuu huwekwa karibu na meza ya mwalimu, mahali anapoifikia bila kupita katikati ya wanafunzi. Milango iwe miwili, na yote ifunguke kwenda nje. Kubadilisha upande wa bawaba ni kazi ya asubuhi moja, na katika ukarabati wote huu sijui kazi nyingine yenye bei ndogo namna hiyo inayoweza kuokoa roho za watu.

Umeme na joto

Nyaya za majengo ya zamani zilikusudiwa taa chache na labda soketi ya redio ya mwalimu. Chumba cha TEHAMA chenye kompyuta 40, kila moja ikila wati 150, kinahitaji wati 6,000. Kwa umeme wa volti 230, hiyo ni zaidi ya ampea 26. Ukiunganisha mzigo huo kwenye waya wa zamani, waya unageuka kuwa jiko ndani ya ukuta. Karakana ndiyo hudai zaidi: mashine kubwa za kukereza huhitaji umeme wa fezi tatu, breka inayokata papo hapo umeme unapovuja, ethi iliyopimwa kwa mita badala ya kukisiwa, na kitufe chekundu cha kuzimia kila kitu kwa pigo moja.

Wati zile 6,000 zote huishia kuwa joto chumbani. Wanafunzi 40, kila mmoja akitoa wati kama 100, wanaongeza 4,000. Ni sawa na kuacha pasi kumi za umeme zikiwaka kutwa nzima. Walioijenga shule ya Tabora miaka ya 1920 walijua kupambana na joto bila kiyoyozi: kuta nene, dari ya juu, varanda inayozuia jua lisiguse ukuta. Sasa tunakuja na ukarabati, tunashusha dari ya jipsamu ili chumba kipendeze, tunaziba matundu, kisha tunaagiza viyoyozi. Mahali pengine kazi bora ya mkarabati ni kuacha kitu kama kilivyo na kusafisha matundu yaliyozibwa na viota. Paa la asbesto tu ndilo lisiachwe. Hilo hulowanishwa, hushushwa zima bila kuvunjwavunjwa, hufungwa na kuzikwa mahali maalumu, na kazi hiyo hufanywa shule ikiwa imefungwa.

Nani anashika nyundo

Miradi mingi ya shule zetu hujengwa kwa fosi akaunti: badala ya mkandarasi mmoja, shule huunda kamati za ujenzi, za manunuzi na za mapokezi, na kuwalipa mafundi wa mtaani. Kwa madarasa utaratibu huu umesaidia sana, kwa sababu fundi wa kijiji anajua kupandisha ukuta. Kwa maabara unayumba. Fundi huyohuyo hajawahi kutandaza bomba la gesi, na kamati ya mapokezi, inayojumuisha wazazi na walimu, huhesabu sinki bila kuuliza zinakomwaga. Kuta zibaki kwa fosi akaunti. Maji, gesi na umeme vipewe mafundi waliosajiliwa, kwa mkataba wao na dhamana yao.

Jirani zetu Kenya walikutana na upande mwingine wa tatizo hili mwaka 2023, sekondari ya chini ilipowekwa ndani ya shule za msingi zisizokuwa na maabara. Huko somo la sayansi halikuweza kusubiri jengo. Toroli lenye ndoo ya maji, taa ya spiriti na sanduku la vifaa linaweza kutosha kuanzia darasani, nasi hapa tunaweza kulitumia miezi ambayo sakafu imevunjwa.

Mapokezi nayo yabadilike. Siku ya kukabidhi, kabla mgeni rasmi hajapewa mkasi wa kukata utepe, waingie wanafunzi 40 na mwalimu wao, wafundishwe kipindi kizima cha vitendo. Koki zote zifunguliwe kwa pamoja, vichomeo vyote viwashwe, kompyuta zote zichomekwe, tindikali imwagwe kwenye sinki ya mwisho na mtu asimame nje kwenye chemba atazame kinachotoka. Kengele ikilia na koki ya kwanza bado inatiririka, kamati itie sahihi. La sivyo, fundi bomba arudi na sururu yake, na malipo ya mwisho yamsubiri.