Mzimu au Babu? Walimu Waliokufa na Deni la Walio Hai katika Star Wars na Babu Alipofufuka

Ikisiri

Makala haya yanachunguza namna marehemu wenye mamlaka ya kufundisha wanavyorejea kwa walio hai katika kazi mbili: mfululizo wa filamu za Star Wars ulioanza mwaka 1977, na riwaya ya Said Ahmed Mohamed, Babu Alipofufuka (2001). Kwa kuongozwa na dhana za Sasa na Zamani zilizofafanuliwa na John Mbiti (1969), makala yanadai kuwa tofauti ya msingi kati ya kazi hizi haitokani na sayansi wala uchawi, bali na swali la nani anamdai nani. Katika filamu, mfu ni hazina ya mwanafunzi wake. Katika riwaya, mfu ni mdai wa mjukuu wake. Inapendekezwa kwamba uhakiki wa Kiswahili uupe uhusiano huu kipaumbele kabla ya kuipachika kazi jina la utanzu.

Istilahi muhimu: mzimu, marehemu, bunilizi ya kisayansi, uhalisiajabu, Sasa na Zamani

1.0 Utangulizi

Katika mijadala ya fasihi ya Kiswahili husikika hoja kwamba bunilizi ya kisayansi haijastawi katika lugha hii kwa kuwa waandishi wetu hawajaachana na mizimu. Msafiri akipelekwa angani, kama ilivyo katika Walenisi ya Katama Mkangi (1995), huonekana dalili za utanzu mpya. Babu akitoka kaburini, riwaya hupewa upesi jina la uhalisiajabu na mjadala hufungwa.

Hoja hiyo ina dosari ya wazi. Mmojawapo wa mifululizo mashuhuri zaidi ya bunilizi ya kisayansi duniani umejaa wafu wanaorudi. Star Wars ina vyombo vya angani, roboti na silaha zinazoweza kuiteketeza sayari nzima, lakini katika nyakati ngumu zaidi mhusika mkuu hategemei mitambo. Hutegemea sauti ya mwalimu wake aliyekwisha kufa. Kama mizimu ingekuwa kizuizi cha bunilizi ya kisayansi, mfululizo huo usingekuwapo.

Suala hili lina uzito wa pekee nchini Uganda. Kiswahili kilitambuliwa kuwa lugha rasmi ya pili kwa marekebisho ya katiba ya mwaka 2005, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliafiki kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Mwanafunzi wa Kampala atakayekabidhiwa riwaya ya Kiswahili huja darasani akiwa tayari ni mtazamaji. Katika vibanda vya video vya mji huu, filamu za kigeni zimezoeleka kusimuliwa kwa Kiganda na wafasiri waitwao VJ, ambao sauti zao hupanda juu ya sauti za waigizaji. Mwanafunzi huyo pia hutoka katika jamii ambazo lugha zake zina neno la mfu anayesema. Tukimwambia kuwa riwaya ni ya ajabu kwa sababu tu mfu amesema ndani yake, tutakuwa hatujamfundisha lolote. Swali linalompasa ni jingine: mfu huyo amekuja kufanya nini?

2.0 Suala la Neno: Mzimu, Marehemu na Babu

Uchunguzi unaanzia kwenye lugha yenyewe. Kiswahili kina maneno kadhaa ya kumtaja aliyekufa, na sarufi haiyapangi pamoja. Mzimu, kama mzuka, huingia katika ngeli ya U-I: mzimu umetokea, mizimu imekasirika. Marehemu, mfu na mhenga huchukua upatanisho wa A-WA. Kiganda nacho hufanya vivyo hivyo: omuzimu na emizimu havikai katika ngeli moja na omuntu na abantu. Kisarufi, basi, mzimu umewekwa pamoja na mto, mti na mlima. Una nguvu, una mahali pake, unaweza kutambikiwa, lakini si mtu kwa namna ambavyo marehemu bado ni mtu. Katika pwani ya Waswahili neno hilohilo hutaja pia mahali penyewe pa tambiko, liwe pango, mbuyu au jiwe.

Kwa hiyo, mfasiri anayeuita mwonekano wa Obi-Wan Kenobi mzimu amefanya uamuzi mkubwa bila kukusudia: amemwondoa mwalimu katika ngeli ya watu. Said Ahmed Mohamed hakufanya hivyo. Jina la riwaya yake linatumia neno la ukoo, babu, na kiambishi a- cha nafsi. Kitenzi chake ni fufuka, si tokea wala zuka. Anayetokea huonekana tu, na anaweza kutoweka bila athari. Anayefufuka amerudi katika uhai na atahitaji nafasi yake. Aidha, kwa kuwa kitenzi kimo katika umbo la fufuka na si fufuliwa, hatuelezwi kuwa yupo aliyemfufua. Hakuitwa na mganga wala mjukuu. Amekuja kwa shauri lake.

3.0 Kiunzi cha Uchambuzi: Sasa na Zamani

John Mbiti alifundisha Makerere kuanzia 1964 hadi 1974, na ni katika kipindi hicho, mwaka 1969, alipochapisha African Religions and Philosophy. Ingawa uchambuzi wake wa wakati ulitegemea kwa kiasi kikubwa vitenzi vya Kikamba na Kigikuyu, aliazima maneno mawili ya Kiswahili kutaja dhana zake kuu. Sasa ni wakati unaoishiwa na kukumbukwa. Zamani ni bahari ya wakati ambamo yote huishia. Kwa Mbiti, mtu akifa haondoki Sasa mara moja. Hubaki kuwa mfu-hai maadamu yupo anayemkumbuka kwa jina. Wote waliomjua wakiisha, kwa kawaida baada ya vizazi vinne au vitano, huzama Zamani na kuwa roho isiyo na jina.

Dai la Mbiti kwamba fikra ya jadi ya Kiafrika haina wakati ujao wa mbali limepingwa na wengi, na huenda lingechukuliwa kuwa hoja nyingine ya kuitenga Afrika na bunilizi ya kisayansi. Hata hivyo, Star Wars haidai kuwa ni habari ya wakati ujao. Humjulisha mtazamaji tangu mwanzo kwamba yaliyomo yalikwisha kutokea, muda mrefu uliopita na mahali pa mbali sana, kama afanyavyo fanani anayefungua ngano kwa hapo zamani za kale. Sayansi yake imewekwa Zamani.

Kinachofaa zaidi kwetu ni sharti la kumbukumbu. Kwa Mbiti, mfu-hai hutegemea walio hai, na walio hai humtegemea yeye. Kila upande una wajibu. Mapokeo ya eneo hili yanatilia nguvu wazo hilo. Wachwezi wa Bunyoro-Kitara, miongoni mwao Ndahura na Wamara, husimuliwa kuwa walitoweka kisha wakarudi kama roho zinazosema kupitia watu waliowachagua, na mteule hakuwa na budi kuingizwa katika utumishi wao. Miongoni mwa Wagiriama wa pwani ya Kenya, koma wa mzee aliyekufa anaweza kuwajia jamaa zake katika ndoto akitaka asimamishiwe kigango. Katika mifano yote miwili, anayerudi ana haki anayoidai.

4.0 Mwalimu Aliyekufa kama Hazina: Star Wars

Katika filamu ya 1977, Obi-Wan Kenobi anauawa na Darth Vader. Mwili wake unatoweka na vazi linabaki sakafuni. Muda mfupi baadaye sauti yake inamfikia Luke Skywalker vitani na kumhimiza aache kutegemea chombo cha kulengea shabaha. Mwaka 1980 anaonekana katika theluji na kumwelekeza Luke kwa mwalimu mwingine, Yoda. Mwaka 1983 Yoda naye anafariki na mwili wake kutoweka, na filamu inamalizika kwa wafu watatu, yaani Obi-Wan, Yoda na Anakin, wakimtazama Luke kwa utulivu.

Mpangilio huu una sifa moja inayojirudia: mfu hurudi mwanafunzi anapomhitaji. Huleta habari, nguvu au faraja, na mwishowe huleta baraka. Hatambikiwi, hana ukoo unaogharimika kwa ajili yake, wala hawezi kuudhika kwa kusahauliwa. Filamu ya 2005 inaongeza kwamba kuishi baada ya kifo ni maarifa ambayo mwalimu anaweza kujifunza na kumfundisha mwingine. Kwa maneno ya Mbiti, kubaki Sasa hakutegemei tena kukumbukwa na jamaa. Kumekuwa ujuzi wa mtu binafsi.

Yapo matukio mawili yanayoweza kutumiwa kupinga usomaji huu, nayo yanastahili uzito. Kwanza, mwaka 1983 Luke anamkabili Obi-Wan kwa kumficha ukweli kuhusu baba yake, na mfu analazimika kujitetea. Hapa kuna hesabu inayodaiwa, lakini mdai ni aliye hai; mfu ndiye mshtakiwa. Pili, katika filamu ya 2017 Yoda anamjia Luke, ambaye sasa ni mzee aliyejitenga na watu, anauteketeza kwa radi mti wa maandiko ya kale na kumkemea. Tukio hili ndilo linalomkaribia zaidi babu wa Kiswahili. Hata hivyo, deni linalokumbushwa ni la mwalimu kwa mwanafunzi. Halihusu ardhi iliyouzwa wala watu walioachwa na njaa, na anayekemewa anakwisha kufarijiwa kabla ya tukio kumalizika.

Ushahidi mwingine umo katika badiliko la mwaka 2004. Katika toleo la DVD la mwaka huo, sura ya mzee Sebastian Shaw, aliyeonekana kama roho ya Anakin mwaka 1983, iliondolewa na kuwekwa sura ya kijana Hayden Christensen. Wahakiki wengi wa filamu wamelijadili badiliko hili kama suala la uaminifu kwa kazi asilia. Kwa kiunzi cha Mbiti, lina maana zaidi. Uso wa 1983 ndio uso wa baba ambao Luke aliuona, mara moja, baba alipokuwa akikata roho. Uso wa 2004 Luke hajawahi kuuona. Anayeujua ni mtazamaji wa filamu zilizotolewa baadaye. Mfu ameondolewa katika kumbukumbu ya mwanawe na kukabidhiwa kwa kumbukumbu ya hadhira. Uhusiano wa ukoo umegeuka uhusiano wa soko.

5.0 Babu kama Mdai: Babu Alipofufuka

Katika riwaya ya Said Ahmed Mohamed, anayerudiwa ni K., mtu wa tabaka tawala anayeishi kwa starehe katika nchi iliyofilisiwa na watu wa tabaka lake. Babu yake anamjia kutoka kaburini na kumwongoza katika safari inayomwonyesha hali halisi ya nchi hiyo na watu wake. K. hakumwita. Hamhitaji kwa vita yoyote, na angefurahi kama asingekuja. Babu hana silaha ya kumkabidhi wala ushindi wa kumwahidi. Anachompa ni kuona, na kadiri K. anavyoona ndivyo hadhi yake inavyobomoka.

Wahakiki wameitaja herufi K. kuwa mwangwi wa Kafka, na ulinganishi huo una msingi. Lakini tukiisoma riwaya kwa kiunzi cha Mbiti, herufi hiyo inabeba zaidi. Mfu hubaki Sasa kwa kutajwa jina. Hapa mfu hatambuliwi kwa jina bali kwa uhusiano: ni babu, na hawezi kuwa babu pasipo mjukuu. Aliye hai naye amebakiwa na herufi moja. Aliyejitenga na waliomzaa na watu wake amekatika katika mnyororo wa kukumbukana. Hata akifa leo, hapatakuwa na wa kumtaja. Anayekaribia kuzama Zamani ni K., angali anatembea na kula. Babu ndiye aliye hai, kwa kuwa bado ana anayemdai. Dhana ya mfu-hai imepinduliwa, na tunaonyeshwa mtu aliye hai kwa mwili na mfu kwa ukoo.

Usomaji huu unaeleza pia kwa nini jina la uhalisiajabu, ingawa si kosa, halitoshi. Huelekeza macho kwenye ajabu ya kurudi, ilhali katika riwaya hii kurudi kwa babu ndilo jambo la kawaida kabisa. Mwenye haki hufuata haki yake. La ajabu ni mjukuu aliyedhani kwamba kifo cha babu kimefuta deni. Nagona ya Euphrase Kezilahabi (1990), ambamo msimulizi hukutana na wanafikra mashuhuri wa Magharibi waliokwisha kufa, ingefaa kusomwa upya kwa swali hilihili. Wafu wale wana maarifa mengi, lakini si babu wa mtu yeyote katika riwaya, na hawamdai msimulizi lolote.

6.0 Hitimisho

Makala yameonyesha kwamba kuwapo kwa wafu wanaosema hakuitenganishi riwaya ya Kiswahili na bunilizi ya kisayansi. Kinachotofautisha kazi mbili zilizochambuliwa ni mwelekeo wa wajibu: Luke humwuliza mfu, ilhali K. huulizwa na mfu. Kwa mwalimu wa fasihi nchini Uganda, ulinganishi huu unaweza kufundishika kesho asubuhi, kwa kuwa unaanza na kile ambacho mwanafunzi amekwisha kukitazama na kukisikia, kisha unampeleka kwenye kile ambacho Kiswahili kimekifikiri kwa namna yake. Kwa mfasiri, unataka tahadhari: kabla ya kuandika mzimu, aulize kama anayerudi bado ni mtu kwa anayerudiwa.

Swali hilo linatuhusu pia sisi wanataaluma. Katika miezi michache ya 2019 na 2020 tuliondokewa na Mbiti, Kezilahabi na Ken Walibora, na tangu hapo majina yao yamekuwa yakitajwa katika aya za kwanza za makala zetu. Mara nyingi tunawataja kama Luke amtajavyo Obi-Wan: watutie nguvu, wabariki hoja tuliyokwisha kuiandika, kisha warudi kimya. Kuwasoma kama wadai kungekuwa kazi ngumu zaidi. Kungetulazimu kuuliza ni maswali gani waliyaacha wazi ambayo hatujayagusa, na ni wanafunzi wangapi wa lugha hii, hapa Kampala na kwingineko, ambao bado hawajakabidhiwa vitabu vyao.