Waridi la Jangwani kwa Udongo

Tangu Makumbusho ya Taifa ya Qatar yafunguliwe Machi 2019, na sahani zake kubwa zilizopandiana kwa ubunifu wa Jean Nouvel, mfinyanzi wa Doha ana kishawishi mlangoni: kuiga waridi la jangwani. Waridi hilo si ua. Ni fuwele za jasi zinazojijenga mchangani maji ya chumvi yanapokauka, na kwa sababu kuliiga ni kazi ngumu, hufaa sana kumpima fundi.

Mjuzi huanza kwenye maungio. Udongo hunywea ukikauka na ukichomwa, mara nyingi kwa kama sehemu moja ya kumi. Petali mbichi ikibandikwa kwenye chungu kilichokwisha kukauka, kila kimoja hunywea kwa mwendo wake, na ufa hutokea shinani. Hapo ndipo pa kupitisha ukucha. Ufa uliozibwa kwa gundi na kupakwa rangi? Kirudi rafuni.

Kisha mkono uingie ndani. Chombo kilichomiminwa kwenye kalibu huacha mshono ulionyooka ubavuni, fundi asipoufuta; kilichofinyangwa huwa na mabonde ya vidole, na kwa kawaida ukuta wake ni mnene zaidi karibu na kitako. Kigongwe pia: mlio unaokatika ghafla, kama wa kitu kilicholegea, ni dalili ya ufa.

Kipimo cha juu kabisa ni kazi ya Magdalene Odundo, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950 na kujifunza pia kwa wafinyanzi wa Abuja, Nigeria. Hatumii gurudumu. Hukwangua udongo kwa vipande vya kibuyu, hupaka udongo laini na kuusugua hadi ung'ae. Moto wenye hewa ya kutosha huleta wekundu. Ulionyimwa hewa, weusi. Tumbo hufura na shingo huinama kama kiumbe hai, bila petali hata moja ya kubandika. Fundi anayetegemea petali za kubandika, kwa kweli, mara nyingi bado hajaliona umbo.

Chombo kisicho na rangi ya kioo mara nyingi hupitisha maji. Kwa mtungi wa kunywea ni sifa, maana jasho hilo ndilo hupoza maji. Kwa chombo cha maua kinachowekwa juu ya meza ya mbao, mnunuzi akijaze maji na kukiacha usiku kucha juu ya gazeti kabla ya kukiamini.