Uhakiki wa Nadharia ya Uamuzi Usio na Fahamu: Mfano wa Wachimbaji Wadogo wa Rwamagasa, Geita

Mwaka 1983 Benjamin Libet na wenzake walionyesha kuwa ubongo wa mtu anayekunja kifundo cha mkono huanza kujiandaa takribani nusu sekunde kabla ya tendo, ilhali mwenyewe huitambua nia yake baadaye. Wapo waliohitimisha kuwa uamuzi ni kazi ya neva tu, na fahamu hupokea taarifa. Hitimisho hilo limevuka mipaka ya jaribio. Mkono ule haukuwa na sababu ya kukunjwa sasa badala ya baadaye. Hakuna aliyepata wala kupoteza kitu. Isitoshe, Aaron Schurger na wenzake (2012) walidai kuwa ishara ile yaweza kuwa mabadiliko ya kinasibu yanayofikia kizingiti, si uamuzi uliokwisha kupitishwa.

Mchimbaji wa Rwamagasa anayechomea zebaki jikoni kwake badala ya mwaloni haamui ndani ya nusu sekunde. Hupima deni la mwenye duara, hofu ya wezi na bei ya mnunuzi, pengine kwa siku kadhaa. Hata hivyo, kuupuuza ubongo nako ni kosa: mvuke wa zebaki huingia humo kweli, ukasababisha mtetemeko wa mikono na upotevu wa kumbukumbu. Hapo ndipo nadharia inapokwama. Huueleza mkono unaotetemeka, lakini haielezi zebaki ilifikaje kwenye karai. Ikikubaliwa ilivyo, elimu ya afya itamwelekea mchimbaji peke yake, na mnunuzi wa dhahabu hataulizwa neno.