Mzigo Ubaki kwenye Seva: Jinsi Opera Mini Ilivyookoa Bando

Ukimkuta mtu mwaloni Nkome, mkoani Geita, ana simu yenye ile herufi O nyekundu, usijisumbue kumshawishi ahamie Chrome. Atakujibu kwamba Chrome inakula bando, na mjadala umeishia hapo. Duniani, Opera na matoleo yake yote haifikishi hata asilimia 5 ya matumizi ya vivinjari, ilhali Chrome peke yake imevuka asilimia 60. Lakini kwa watu wanaojiunga bando la siku, tena wakiangalia salio kila saa, Opera Mini imebaki na wafuasi sugu. Wengine huwacheka kwamba wamezoea vya kale. Wanaowacheka hawajatazama ndani ya kitu chenyewe.

Kivinjari cha kawaida hufanya karibu kazi yote ndani ya simu. Ukifungua ukurasa wa gazeti, simu huomba kwanza maandishi. Ikishayapokea, inagundua kwamba kuna picha, kuna faili za mpangilio, kuna programu ndogondogo za JavaScript, kuna matangazo. Inarudi kuomba kimoja baada ya kingine, na maombi yanaweza kufika makumi kwa ukurasa mmoja. Vikishafika, prosesa ya simu ndiyo inayohangaika kuvipanga kwenye kioo. Kwa kompyuta hilo ni jambo dogo. Kwa simu za vitufe za miaka ya 2000, zenye kumbukumbu finyu na mtandao wa GPRS, ilikuwa adhabu.

Opera Software, kampuni iliyoanzishwa Oslo, Norwei, mwaka 1995 na Jon Stephenson von Tetzchner na Geir Ivarsøy, ilikuja na jibu la kijasiri: kivinjari kitolewe kwenye simu. Jaribio la kwanza lilifanyika Agosti 2005 huko huko Norwei, kwa kushirikiana na kituo cha televisheni cha TV 2, na Januari 2006 Opera Mini ikafunguliwa kwa dunia nzima. Kilichoingia kwenye simu kilikuwa programu ndogo ya Java, chini ya nusu megabaiti. Injini yenyewe, iliyoitwa Presto, iliachwa kwenye seva za kampuni.

Kazi inakwenda hivi. Mtumiaji anaandika anwani, simu inatuma ombi moja tu kwa seva ya Opera. Seva, ambayo imeunganishwa na nyaya zenye kasi kubwa, ndiyo inayokwenda kwenye tovuti, inakusanya maandishi na picha zote, inaendesha JavaScript, inapanga ukurasa, inapunguza ubora wa picha, halafu inafunga matokeo katika mfumo wake wa OBML na kuyarudisha kwa mkupuo. Watu wa Nkome hawana haja ya maelezo marefu hapa. Sangara wanaovuliwa ziwani huchunwa viwandani Mwanza, na kinachopanda ndege kwenda Ulaya ni minofu mitupu. Seva ya Opera nayo inabaki na mifupa.

Kampuni ilitangaza kwamba data inaweza kupungua hadi asilimia 90. Tupige hesabu. Chukua ukurasa wa kilobaiti 700 na GPRS inayopitisha kilobiti 40 kwa sekunde. Bila kubanwa, ukurasa huo unachukua sekunde 140, yaani dakika mbili na ushee. Ukibanwa kwa asilimia 90, unafika kwa sekunde 14. Tena hiyo ni hali nzuri, mtandao ukiwa hausumbui.

Asilimia hizo ndizo zinazosifiwa zaidi, lakini pengine faida kubwa kwa Tanzania ya wakati ule ilikuwa lile ombi moja. Kabla ya mkongo wa SEACOM kufika Dar es Salaam Julai 2009, intaneti ya nchi ilitegemea sana setilaiti, na setilaiti hizo huelea kilomita 36,000 hivi juu ya ikweta. Ombi kupanda, kushuka, na jibu kurudi kwa njia hiyo hiyo ni karibu nusu sekunde, hata mtambo uwe mzuri namna gani. Ukurasa unaohitaji maombi 30 ulilipa gharama hiyo tena na tena. Opera Mini iliilipa mara moja, kisha ikamwachia seva mizunguko iliyobaki.

Ubunifu huo ulikuwa na bei yake, na bei hiyo inaonekana vizuri Geita kuliko pengine. Mkoa una soko la dhahabu lililofunguliwa Machi 2019, na dalali anayefuatilia bei ya dunia anataka kuona namba ikipanda na kushuka mbele ya macho yake, kwa dola kwa wakia moja ya gramu 31.1. Kwenye Opera Mini iliyobana sana, namba hiyo imesimama. Sababu ni kwamba JavaScript imeendeshwa kwenye seva kwa muda mfupi, kisha ikasimamishwa, na simu imepokea matokeo ya wakati ule tu. Kutaka bei mpya ni kuufungua ukurasa upya. Menyu za kubofya nazo hulazimika kurudi kwenye seva kuuliza, na baadhi ya tovuti za kisasa hazifunguki kabisa.

Kinyume chake ni kurasa za matokeo za Baraza la Mitihani, NECTA. Ukurasa wa shule ni jedwali tupu: namba ya mtahiniwa, jinsi, pointi, daraja na alama za kila somo. Hakuna video, hakuna madoido. Watu wa usanifu wanaweza kuuona umepitwa na wakati. Kwa OBML ni chakula laini. Siku matokeo ya kidato cha nne yanapotoka, mzazi mwenye megabaiti chache anaweza kuikagua shule nzima na salio likabaki.

Kuna jambo zito zaidi, nalo ni usalama. Kwa kuwa seva ndiyo inayosoma ukurasa, hata ukurasa uliofungwa kwa HTTPS hufunguliwa kwenye seva kabla ya kufungwa tena na kutumwa kwenye simu. Njia ya kutoka simu hadi seva inalindwa, na ya kutoka seva hadi tovuti inalindwa. Hapo katikati unamtegemea mwenye seva. Opera yenyewe haikulificha hilo. Na mwenye seva alibadilika: mwaka 2016 sehemu kubwa ya biashara hiyo, pamoja na jina la Opera, ilinunuliwa na kundi la wawekezaji wa Kichina. Von Tetzchner alikuwa ameshaondoka tangu 2011, na baadaye akaanzisha kivinjari kingine, Vivaldi.

Google nao waliwahi kuipa Chrome ya simu uwezo wa kubana data, kisha wakauzima Machi 2022 kwa hoja kwamba gharama za data zimeshuka katika nchi nyingi. Anayenunua bando la siku mwaloni ana haki ya kuuliza ni nchi zipi. Kwenye simu janja, Opera Mini bado inatoa viwango viwili vya kubana, na tofauti yake ni muhimu: kile cha juu kabisa ndicho kinachopitisha kurasa zote kwenye seva kama zamani. Kitumie kwa magazeti, matokeo ya mitihani na ratiba za kivuko. Ukitaka kuingia kwenye akaunti ya benki au kuandika nywila yoyote ya maana, kizime kwanza.