Uhakiki wa Sanduku la Fundi

Chuoni tulifundishwa kwamba kazi ya sanaa hutazamwa kwa pande mbili, fani na maudhui, na kwamba mhakiki anayeshika upande mmoja na kuuacha mwingine ni sawa na mtu anayesifu nakshi za mtungi bila kuuliza kama unavuja. Kwa miaka mingi niliwafundisha vijana kuhakiki tamthilia, riwaya na mashairi kwa kipimo hicho. Sasa nimestaafu, umri umeshapita sabini, na katika sura hii nataka kukitumia kipimo kile kile kwa kitu ambacho sijaona mtahini akikitungia swali, yaani sanduku la fundi seremala. Nina maana lile kasha analobebea vifaa anapotoka kijiji kimoja kwenda kingine kutengeneza milango, madirisha na vitanda.

Ndugu msomaji asidhani kwamba uzee umenikosesha kazi. Hapa kwetu Mabamba kuna kikundi cha vijana watano ambao wamechora sanduku la namna hiyo, wakaunda na sampuli moja, kisha wakaniletea wakitaka niwaandikie barua ya kuwaunga mkono. Nia yao ni kuomba mkopo wa halmashauri, ule unaotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani, ambamo vijana wametengewa asilimia 4. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 na ikarejeshwa mwaka 2024, na wengi wanaikimbilia. Lakini mkopo ni deni. Masanduku yasiponunuliwa, ni hao watano watakaodaiwa, na wawili kati yao wana watoto wadogo. Niliwaambia kwamba barua ya sifa ni rahisi kuandika, ila kwanza nitalihakiki sanduku kama nilivyokuwa nikihakiki insha zao, kwa kalamu nyekundu.

Nianze na maudhui, maana sanduku lisilojua litabeba nini haliwezi kuwa na umbo la maana. Fundi wa huku hategemei umeme. Vifaa vyake ni msumeno, randa moja au mbili, patasi tatu au nne, nyundo, keekee na ncha zake, skwea, pimamaji, futi, tupa ya kunolea msumeno, jiwe la kunolea patasi, bisibisi, koleo, penseli na kopo la misumari. Hivyo ndivyo vinavyomlisha. Na chombo chake cha usafiri ni baiskeli. Haya mambo mawili, orodha ya vifaa na keria ya baiskeli, ndiyo yanayotunga sanduku, na mchoraji ni karani wao tu. Keria ni nyembamba. Sanduku refu likiwekwa kwa upana linakwaruza nyasi za pande zote mbili za njia na kumgonga anayepishana nawe. Likiwekwa kwa urefu linamchoma mwendeshaji mgongoni au linaning'inia nyuma na kuinua gurudumu la mbele kwenye kilima. Na milima ya huku inajulikana.

Vijana wangu walilielewa hilo. Walichagua sanduku lenye urefu wa sentimeta 60 kwa ndani, upana 25 na kina 25, la kuwekwa kwa urefu. Vipimo hivyo vyembamba havikunishangaza. Mwaka 1936, katika kisiwa cha Gotland nchini Sweden, mkulima mmoja alilima katika bwawa lililokaushwa, plau yake ikakamata sanduku la mbao za mwaloni lililozungushiwa mnyororo. Ndani yake na kando yake vilipatikana vitu zaidi ya 200, vingi vikiwa vifaa vya useremala na uhunzi, vya umri wa miaka 1,000 hivi. Urefu wa sanduku lile ni karibu sentimeta 90, na upana wake ni 26. Yule fundi wa kale hakuwa na baiskeli, lakini naye bila shaka alijua kwamba mzigo mwembamba hubebeka na mzigo mpana hugombana na mbebaji.

Palipohitaji kalamu nyekundu ni kwenye msumeno. Msumeno ndicho kifaa kirefu kuliko vyote, na wao walikuwa na msumeno wenye sentimeta 63 kutoka ncha hadi mwisho wa mpini. Sanduku ni 60. Basi yule mwenye kichwa cha hesabu kati yao akakumbuka kanuni ya Pythagoras: 60 mara 60 ni 3,600, 25 mara 25 ni 625, jumla 4,225, na kipeo chake cha pili ni 65 kamili. Kwa hiyo, akaandika, msumeno utalala kutoka pembe hadi pembe chini ya kifuniko, na nafasi ya sentimeta 2 itabaki. Nilifurahi kuona hesabu imeishi kichwani mwake baada ya shule. Lakini msumeno si mstari. Una upana, hasa penye mpini, na kitu chenye upana hakiingii katika pembe kama mstari unavyoingia. Pembe ya mpini inagonga ubavu kabla ncha haijafika inakokwenda. Kwenye karatasi ulilala, kwenye sampuli ulikataa, na wao walikuwa wamekwangua ubao wa ndani ili kuulazimisha. Dawa ilikuwa kwenye msumeno wenyewe: mpini umeshikwa na skrubu mbili. Ukiufungua, bamba linabaki na sentimeta 51, linalala chini ya kifuniko bila ugomvi, na mpini unapata nafasi kando ya nyundo. Dakika mbili za bisibisi asubuhi si adhabu kubwa kwa mtu aliyetoka kupanda kilima.

Kosa la pili ni la hewa. Sentimeta 60 kwa 25 kwa 25 ni lita 37 na nusu, karibu ndoo mbili za lita 20. Niliwaambia watoe kila kitu, wakipange mezani ubavu kwa ubavu, randa zikilazwa, patasi katika kitambaa chenye vifuko. Kina kilichohitajika kilikuwa sentimeta 17 tu. Nane zilizobaki walikuwa wanabeba upepo. Walijitetea kwamba sanduku ni kiti pia, fundi hulikalia anapochonga, na sentimeta 17 ni chini mno hata kwa mtoto. Utetezi huo una haki, na niliuheshimu. Lakini sanduku lenye upana wa 25 na kina cha 17, ukilisimamisha kwa ubavu, linakupa kiti cha sentimeta 25, kimo kile kile walichokitaka. Vifaa vitamwagika? Wakati wa kazi vifaa viko nje.

Tatu, uzito. Sampuli ilijengwa kwa mninga wa unene wa sentimeta 2. Mninga ni mti wetu wa heshima, na nilijua kwa nini waliuchagua: walitaka mnunuzi apige kidole na kusikia sauti ya kitu cha thamani. Hapo fani imemeza maudhui. Meta moja ya ujazo ya mninga mkavu ina takribani kilo 640. Sanduku lao, kwa hesabu isiyozidi darasa la saba, lilikuwa na zaidi ya kilo 9 likiwa tupu. Lile la kina cha 17, likijengwa kwa msindano, ambao mafundi huuita paina, kwa unene wa sentimeta 1.2, halifiki kilo 4. Tofauti hiyo ni chakula cha siku mbili kwenye keria. Mninga ubaki kwenye pembe, mahali panapogongwa, na kwenye kishikio.

Ubaya wa sanduku zito niliuona kwa macho. Miaka kadhaa iliyopita shirika moja, ambalo sitalitaja, liliwapa vijana waliohitimu ufundi masanduku ya chuma yenye vifaa vizuri kabisa, vya kudumu. Moja nililipima kwenye mizani ya maharage: kilo 14 kabla ya kutiwa hata msumari. Halikukaa juu ya keria hata kwa kamba nne. Wakati wa mvua chuma kilitoa jasho kwa ndani, na patasi zikaota kutu ndani ya kufuli. Baada ya mwaka masanduku hayo niliyakuta majumbani, yakitunza nguo na unga, na vifaa vilikuwa vimeuzwa kimoja kimoja. Aliyechora sanduku lile alikuwa anafikiria gari la kulishusha, na baada ya kulishusha hakufikiria tena.

Nikilinganisha, wakimbizi walituonyesha ubunifu zaidi. Oktoba 1993, baada ya kuuawa Rais Melchior Ndadaye wa Burundi, watu walivuka mpaka kwa wingi kuingia Kibondo, na mafundi walikuwemo. Nilimwona mmoja ambaye vifaa vyake vyote vilikuwa katika kipande cha turubai kilichoshonwa vifuko, kimeviringishwa na kufungwa kwa mpira wa baiskeli. Kilikuwa na unene wa paja la mtu. Kwa kubana nafasi sijaona kinachokishinda, maana hakikuwa na hewa hata kidogo. Kasoro yake ni kwamba randa haiingii, mvua inapenya, na huwezi kukikalia. Vijana wangu wamekichukua kwa ajili ya patasi na ncha za keekee, nami sina ubishi nao.

Katika miaka ile ile lilikuja wazo jingine la sanduku. Baada ya maafa ya Rwanda ya mwaka 1994, UNICEF ilianza kusambaza shule iliyofungwa sandukuni: kasha la alumini lenye daftari, penseli na zana za mwalimu za kutosha watoto 40. Nalisifu kwa jambo moja kuliko yote. Kifuniko chake, kikipakwa rangi maalumu iliyomo humo humo, kinageuka ubao wa kuandikia. Ubao hauchukui nafasi kwa sababu ndio sanduku lenyewe. Kwa mtu aliyewahi kufundisha chini ya mwembe, hiyo ni fani na maudhui vilivyooana. Kwa sanduku la seremala nimependekeza kifuniko kichorwe kwa kisu alama za sentimeta ukingoni, kiwe rula ya akiba futi linapokatika, na ndani yake kipigiliwe kijiti cha kukatia ubao kwa pembe ya mraba.

Kuna sanduku moja maarufu ambalo mjukuu wangu alinionyesha picha yake kwenye simu, la Henry O. Studley wa Massachusetts, Marekani, mtengenezaji wa piano aliyeishi kati ya mwaka 1838 na 1925. Likifungwa lina urefu wa karibu mita moja na upana wa nusu mita, nalo limehifadhi karibu vifaa 300, tabaka juu ya tabaka, kila kimoja katika kitanda chake, kwa mkangazi, mpingo, pembe za ndovu na lulu. Ama kweli ni kazi ya kumtoa mtu machozi. Lakini linaning'inizwa ukutani, na kitanda cha kila kifaa kimechongwa kwa kifaa kile tu. Fundi wetu patasi yake ikivunjika hununua iliyopo dukani, yenye mpini mnene au mwembamba, na kitanda kitaikataa. Kasoro hiyo hiyo ninaiona kwenye makasha ya plastiki ya madukani yenye vishimo vilivyofinyangwa: kifaa kimoja kikipotea, kishimo kinabaki kama jino lililong'oka, hakifai kwa kingine chochote. Ndiyo maana nilifuta vitanda vyote vinne walivyovichora na kuwaachia ubao mmoja wa kutenganisha, unaohamishika.

Ila nisije nikaonekana nachukia vitanda. Shuleni ni kinyume kabisa. Mwalimu wa stadi za kazi aliye na wanafunzi 50 na dakika 40 anahitaji kila kifaa kiwe na mahali pake palipochorwa kivuli chake kwa rangi, ili kengele ikilia atupe jicho mara moja na pengo limwambie nyundo haijarudi. Pale pengo ni msaidizi wa mwalimu. Kwa fundi anayefanya kazi peke yake pengo halina wa kumwambia. Vijana walitaka sanduku moja liuzwe kwa shule na kwa mafundi. Nimewaambia hizo ni kazi mbili, wachague ya kwanza.

Linabaki suala la kifuniko, na hapo hatujakubaliana. Bawaba, komeo na kufuli ni chuma cha kununua, na kwa hesabu yao vinakula zaidi ya robo ya gharama. Mafundi wa Japani wana sanduku la kizamani lisilo na bawaba: kifuniko husukumwa chini ya ubao wa upande mmoja, kinarudishwa chini ya ubao wa upande wa pili, kisha kabari inakibana. Hakuna skrubu wala kutu, na kinakaza hata barabara ikiwa mbovu. Vijana wanasema hakuna mtu Kibondo atakayenunua sanduku lisilofungwa kwa ufunguo. Mimi nasema mwizi wa sanduku la kilo 4 huchukua sanduku zima, kufuli na yote. Wao wananijibu kwamba kufuli si la mwizi, ni la watoto wa nyumbani na la jirani anayeazima patasi bila kuuliza, na hoja hiyo ina uzito kuliko yangu. Hata hivyo wameunda moja la kabari na moja la kufuli. La kabari yuko nalo fundi mmoja anayezunguka vijijini, na tumekubaliana azunguke nalo hadi mvua zikatike. Barua ya halmashauri nimeshaianza, nafasi ya maneno ya kifuniko nimeiacha wazi.